Sifuri Yenye Mhuri

Hapo zamani za juzi, Mhanga alikuwa na shimo lake kwenye ubavu wa kilima cha Magambazi, Handeni, wala hakuna mnyama aliyemwonea wivu. Usiku anachimba, anakula mchwa, alfajiri analala. Hana shamba, hana kadi ya chama, hajawahi kuitwa kwenye semina.

Usiku mmoja wa kiangazi kucha zake zikagonga kitu kigumu kinachong'aa. Akakilamba. Hakikuwa mchwa. Akakitupa nje pamoja na kifusi, akaendelea kutafuta vitu viwili ambavyo mwenyeji wa Handeni hutafuta siku zote, riziki na unyevunyevu. Cha pili ni kigumu zaidi. Nchi ile ina udongo mzuri, ina mahindi mvua ikikubali, ina machungwa, ina watu wachapakazi. Maji ndiyo hayana habari nayo.

Kulipopambazuka Kunguru akapita juu, akakiona kifusi kinametameta. Kunguru ni dalali wa kuzaliwa. Kabla ya saa nne alikuwa ameshafika Chanika mjini, saa sita habari iko Mkata na Segera, na jioni Panya wa Geita na Kahama, ambao kazi yao maishani ni kufuata fununu, walikuwa wanafunga virago. Baada ya wiki moja kilima hakikuwa na jani. Maduara yalifunguliwa kila upande, matimba yakakatwa msituni bila kuulizwa, makarasha yakanguruma usiku kucha. Bi Kanga akaweka mafiga, akauza wali maharage na chapati. Ndoo ya maji ikapanda bei kabla dhahabu yenyewe haijapata bei.

Panya walifanya kazi, tusiwanyime haki yao. Walishuka kwenye duara kwa kamba, wakapandisha mawe, wakayasaga, wakayaosha. Kisha wakamimina zebaki kwenye karai, ikaikumbatia dhahabu, wakaichoma zebaki kwa moto wa kuni huku watoto wao wakiota moto huo huo. Walichopata walimuuzia Kunguru, ambaye alikuwa na mizani ndogo mfukoni na roho ndogo kuliko mizani. Aliyepata alinunua pikipiki na redio. Aliyekosa alimkopa Bi Kanga. Hesabu ya Bi Kanga aliiandika kwa mkaa ukutani, na ukuta ule ndio kumbukumbu pekee ya kweli ya uchumi wa Magambazi katika miaka ile.

Halafu akaja Korongo.

Korongo alikuja kwa adabu, akiwa na leseni ya utafiti kwenye bahasha ya plastiki. Akawaamkia wazee, akakaa kwenye kigoda, akala ugali kwa mkono ili waone kwamba si mtu wa kujidai. Akamwita Mhanga.

"Mgosi, hili shimo ni lako?"

"Ni langu. Nililichimba mwenyewe."

"Vizuri. Sheria ya nchi inasema kwamba ardhi ya juu ni ya kijiji, na wewe ni mwanakijiji. Madini yaliyo chini ni mali ya Jamhuri. Kwa hiyo juu endelea kuishi bila wasiwasi, sisi tutashughulika na chini."

Mhanga akafikiri kwa muda. "Mimi naishi chini," alisema.

Korongo akaliandika jambo hilo kwenye daftari, akaahidi kulifikisha kunakohusika.

Akaja mthamini, maana Korongo hakutaka kumdhulumu mtu. Sasa ni lazima nimtaje Ngiri. Ngiri hajawahi kuchimba shimo tangu aumbwe. Huwavizia wahanga, shimo likiachwa usiku mmoja yeye anaingia kinyumenyume, pembe zikatazama mlangoni, na kuanzia hapo ni mwenyeji. Mthamini alipokuja mchana, Mhanga alikuwa amelala kwenye tawi la shimo, ndani kabisa. Mlangoni alikuwepo Ngiri, macho wazi, kitambulisho mkononi. Fomu ikajazwa. Fidia ya shimo, fidia ya usumbufu, posho ya usafiri, vyote vikaandikwa kwa jina la Ngiri, naye akaweka sahihi kwa kwato. Miezi miwili baadaye Ngiri alikuwa mshauri wa Korongo wa mambo ya jamii, amenunua shati la mikono mirefu.

Panya waliondolewa. Waliambiwa watatafutiwa eneo la wachimbaji wadogo, na eneo likatafutwa, na mpaka leo linatafutwa.

Kazi ya kuchoronga ikaanza. Mashine ilisimama juu ya kilima, ikatoboa mita hamsini, mia, mia mbili, ikavuta juu vipande virefu vya mwamba ambavyo Korongo alivipanga kwenye masanduku, akavipa namba, akavipiga picha. Haikosi kusemwa kwamba alivitunza vizuri. Hakuna mtoto wa kijiji kile aliyepigwa picha nyingi namna ile, wala aliyelala juu ya rafu yenye paa lisilovuja.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye tundu moja la upande wa mashariki. Mashine ilipopita mwamba mgumu ikaingia kwenye ufa, na maji yakaruka juu, meupe, baridi, yakamwagikia miguu ya vibarua. Swala, ambaye siku ile alikuwa anatoka kuteka maji mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani, alitua ndoo kichwani akapiga vigelegele. Bi Kanga akaja na vifaranga wote na sufuria. Chura wakasikia harufu, wakaanza safari kutoka mabonde ya mbali.

Korongo aliumia sana. "Maji haya yanaharibu sampuli," alisema. Akaagiza saruji. Kabla ya jua kuzama tundu lilikuwa limezibwa, na kwenye daftari, mbele ya namba ya tundu, kukaandikwa neno moja: tatizo.

Swala aliuliza kama tatizo lile linaweza kuachwa wazi. Ngiri, mshauri wa mambo ya jamii, akamjibu kwamba kampuni ina mpango mzuri zaidi, unaandaliwa, avute subira.

Basi vipande vya mwamba vikasafiri. Vikasagwa maabara, vikasomwa, na matokeo yakatumwa Vancouver, ambako ndugu zake Korongo wana mnada. Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Korongo alichomoa unyoya mgongoni, akaandika juu yake "Magambazi", akauuza kwa senti. Kila tundu lilipotoa gramu nzuri kwa tani, unyoya ulipanda. Aliyeununua asubuhi aliuuza jioni kwa faida kwa mwingine ambaye naye hajui Handeni iko upande gani wa Afrika. Unyoya ukafika dola moja, ukapita mbili, ukapita tatu. Korongo akachomoa mwingine, na mwingine. Magambazi ilikuwa imetajirisha watu, na ilikuwa haijampa Korongo dhahabu hata ya kuzibia jino.

Nitoke kwenye hekaya kidogo, maana hapa ukweli unachekesha kuliko mimi. Canaco Resources, kampuni ya Vancouver, Kanada, ndiyo iliyochoronga Magambazi miaka ile, na hisa zake zilipaa hadi mwanzoni mwa 2011, kisha zikaporomoka. Dhahabu duniani ilikaribia dola 1,900 kwa wakia mwezi Septemba 2011, halafu mwaka 2013 ikaanguka vibaya. Mwaka huo huo mali ya Magambazi ikahamishiwa kampuni mpya iliyoitwa East Africa Metals. Si wizi. Kampuni za utafiti ndivyo zinavyoishi, tena kihalali: zinachangisha fedha kwa wenye hisa, zinatoboa, zinatangaza matokeo, zinatoboa tena, na nyingi hazifiki siku ya kumimina dhahabu kwenye kalibu. Wakati huo wote zinaajiri vibarua, walinzi, madereva na wapishi, na kijana aliyepata mshahara ule asidharauliwe na mwandishi aliyekaa kivulini. Ninachosema ni kwamba kilichochimbwa kwanza Handeni kilikuwa habari, na habari haina mrabaha.

Tuwarudie wanyama. Unyoya ulipoanza kushuka, Korongo akapunguza vibarua. Ulipoanguka, akapunguza na walinzi. Asubuhi moja mashine haikuwaka. Wanyama wakaitana barazani, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kusema, wakaamua kutuma wajumbe Korogwe kwa Mzee Kobe, aliyekuwa akiishi kando ya Mto Pangani karibu na Hale, na aliyeyaona haya kabla yao.

Wajumbe walikuwa Swala, Bi Kanga na Mhanga, ambaye alisafiri usiku tu na kuwachelewesha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kwa ajili ya shimo." Kobe hakuuliza, alisema. "Kaeni. Mimi nimeanguliwa kabla ya reli, na reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Kabla ya reli, mwaka 1893, Mjerumani aitwaye Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Mingi ikafia njiani. Ikabaki 62. Mkonge wote mliouona mkija, huku Ngombezi na kule Magoma, ni ukoo wa hiyo 62. Nawaambia haya ili mjue kwamba mgeni akitaka kitu, haogopi kuanza na kidogo."

Akanyamaza, akala jani.

"Wakaletwa siafu kutoka Songea, kutoka Kigoma, wengine hata Burundi. Kila mmoja akapewa namba, na wenyewe tukawaita manamba. Walikata majani tangu alfajiri, wakayafunga, wakayapeleka kwenye korona, mashine ya kutoa singa. Sasa nisikilizeni vizuri. Ukiingiza kilo 100 za majani kwenye korona, unatoa singa kama kilo 4. Zile 4 zilipanda treni kwenda Tanga, zikapanda meli. Zile 96, maji makali na makapi ya kijani, zilikwenda mtoni. Nami nilikuwa mtoni."

"Kwa hiyo hamkupata kitu, babu?" Bi Kanga aliuliza.

"Nani kasema? Tulipata. Kulikuwa na zahanati shambani, shule, kiwanja cha mpira, na mishahara Jumamosi. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa mkonge tani kama 230,000, hakuna nchi duniani iliyotushinda. Jumamosi ya mshahara Korogwe ilikuwa haipitiki. Lakini zahanati ilikuwa ya shamba, na shamba lilikuwa la bei. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikalala. Mwaka 1967 mashamba mengi yakawa ya umma, na umma nao ukakuta bei imelala vile vile. Magugu yakapanda hadi dirishani. Dawa ziliisha kwanza, halafu daktari, halafu mlango wa zahanati."

"Mlango?"

"Ulikuwa wa mninga."

Mhanga, aliyekuwa kimya, akauliza swali lake la kwanza tangu waondoke Magambazi. "Na sasa?"

"Sasa wakulima wadogo wa Hale na Magoma wana vyama vyao vya ushirika, AMCOS, wanalima mkonge wao, wanabishania mizani wao wenyewe. Si peponi. Wanadaiana, wanashtakiana. Lakini wanagombana kuhusu hesabu wanayoiona. Sisi tulikuwa hatuioni. Hata kule Kalalani, mpakani mwa wilaya, yakuti za bonde la Umba zinajulikana kwa jina la Umba na masonara wa ng'ambo ambao ukiwapa ramani hawataipata Kalalani mpaka jioni." Akawatazama mmoja mmoja. "Rudini mkaulize hesabu. Msiombe shule kwanza. Ulizeni hesabu."

Wakarudi. Baraza likaitishwa, Nyati kwenye kiti, Tumbili mweka hazina akiwa na majalada matatu, na Ngiri mstari wa mbele akiwakilisha maslahi ambayo hayakutajwa. Swala akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba kujua Korongo ametuachia kiasi gani."

Tumbili akafungua jalada la kwanza. "Sheria iko wazi na ni nzuri. Tangu mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6 badala ya 4, ada ya ukaguzi ni asilimia 1, na serikali inapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye mgodi bila kuzilipia. Hiyo ni ya Taifa. Halmashauri yetu ina ushuru wa huduma, tatu kwa elfu ya mauzo. Pia mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wa kuihudumia jamii kila mwaka."

Wanyama wakapiga makofi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia sheria nzuri namna ile ikisomwa kwa sauti.

"Sasa tupige," alisema Swala. "Tatu kwa elfu ya mauzo. Korongo ameuza nini?"

"Dhahabu hajauza. Ana leseni ya utafiti. Anayetafiti hauzi."

"Na manyoya?"

"Manyoya ameuza."

"Basi tatu kwa elfu ya manyoya."

"Manyoya yaliuzwa Vancouver. Handeni hakikuuzwa kitu."

"Lakini yaliandikwa Magambazi!"

"Kuandikwa si kuuzwa," Ngiri alidakia, na Nyati akamwonya asiongee bila ruhusa, kisha akampa ruhusa.

Bi Kanga akasimama na kipande cha ukuta alichokibandua kwake, chenye hesabu za mkaa. "Mimi nina madeni ya sahani za wali za watu walioondolewa. Na leseni? Hakulipa leseni?"

"Alilipa ada kila mwaka. Hiyo inakwenda hazina kuu."

"Kwa hiyo yetu ni ngapi?"

Tumbili akapekua jalada la tatu, akatoa karatasi moja safi sana, akaiinua ili wote waione. "Sifuri, waheshimiwa. Lakini siyo sifuri ya mdomo. Ni sifuri yenye mhuri."

Na kweli ilikuwa na mhuri wa zambarau, wa duara, na sahihi mbili. Nyati akaagiza itunzwe.

Mnaweza kudhani hekaya iishie hapo, na miaka ya nyuma ningeimalizia hapo. Lakini kabla baraza halijavunjwa ardhi ilitikisika kidogo upande wa Kilindi, na Kunguru akaingia mbio akisema anakuja Chatu.

Huyu Chatu alikuwa na urefu wa kilomita 1,443. Mkia wake uko Hoima, Uganda, na kichwa chake kinaelekea Chongoleani, Tanga, ambako marais wawili, Magufuli na Museveni, walimwekea jiwe la msingi tarehe 5 Agosti 2017. Amemeza mafuta, na mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, hivyo lazima apashwe joto njia nzima, nyuzi 50 hivi, akipoa anaganda. Anapita chini ya ardhi. Anapita Kilindi, Handeni, Korogwe, Muheza. Hali kitu njiani wala hatapiki kitu njiani. Atafungua mdomo akifika baharini.

Wanyama wengine hawakushangaa. Miembe yao ilikuwa imeshahesabiwa miaka kadhaa nyuma, kila mti kwa umri wake, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu kwenye mkuza atakamopita, kisha wakangoja malipo muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Walipolipwa, wengine walijenga nyumba bora kuliko za mwanzo. Sungura alinunua bodaboda mbili, moja ya kuendesha na moja ya kuuza vipuri. Kwa hiyo Chatu hawakumwogopa. Walichotaka safari hii ni kusema mapema.

Akaletwa ndege mwingine, kijana, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa na kofia ngumu, mwenye kazi ya kusikiliza. Akafungua daftari. "Jamii ina vipaumbele gani?"

Ngiri akaomba uwanja wa michezo wenye jukwaa. Tumbili akaomba gari la kufuatilia mapato. Kunguru akaomba zabuni ya kokoto, ya mbogamboga na ya walinzi, zote tatu, kwa jina la shemeji yake. Nyati akaomba ukumbi wa baraza, kwa kuwa alikaa juani. Mstari wa nyuma mtu akapendekeza zahanati, na Swala, aliyemkumbuka Kobe, akauliza itakuwa ya nani siku Chatu akikauka. Kijana akaandika swali lile kwa herufi ndogo.

Ndipo Mhanga akanyoosha kucha. Ilikuwa saa tisa alasiri, na hakuna aliyewahi kumwona Mhanga akiwa macho saa tisa alasiri.

"Mnachimba mtaro," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Unatoka Korogwe unakuja huku, au unatoka huku unakwenda Korogwe, ni mtaro mmoja. Korogwe kuna Mto Pangani. Maji yake yanaletwa Handeni kwa bomba la HTM, la tangu miaka ya 1970; limezeeka, linavuja, siku nyingine linakohoa hewa tupu. Mimi ni mchimbaji. Najua kwamba kinachouma katika kuchimba ni kuanza. Mashine mnazo, mafuta ya mashine mnayo, barabara mmeshafungua. Mkimaliza kumlaza Chatu, sogeeni hatua chache pembeni, chimbeni mwingine, mlaze bomba la maji."

Kijana akaeleza kwa upole kwamba kanuni za usalama haziruhusu kuchimba karibu na Chatu.

"Basi sogeeni mbali."

Kijana akaeleza kwamba maji yana wizara yake.

"Niliona mwenzenu akitoboa Magambazi," alisema Mhanga. "Hakuna wizara ya maji iliyokuwepo, na maji yalikuja."

Baraza likacheka kwa sauti, isipokuwa Ngiri. Nyati akagonga meza, akamweleza Mhanga kwamba hoja ni nzuri, lakini iletwe kwa maandishi, nakala tatu, kupitia kwa mtendaji wa kijiji, iambatanishwe na mchoro. Mhanga hajui kuandika. Mchoro alikuwa nao kichwani. Akainama pale pale mbele ya meza ya mwenyekiti, akapima mwelekeo kwa pua, akaanza kutupa udongo nyuma kwa miguu yake minne, na udongo ukajaa kwenye majalada ya Tumbili.

Wajumbe walipomaliza mengineyo na kutoka nje, jua lilikuwa limezama. Mtaro ulikuwa umeshapita ua wa baraza, umevuka barabara, unashika upande wa Korogwe. Bi Kanga alikuwa anafuata nyuma na koroboi. Swala alikuwa anatoa mawe. Na Ngiri alikuwa amesimama kwenye ukingo, mikono ya shati ameikunja, akimwuliza Mhanga kama anaweza kuutanua kidogo, kwa sababu yeye ni mpana mabegani na akiingia kinyumenyume atajikwaruza.